Wageni Waliokula Ushahidi

Cheo changu ni afisa uchechemuzi. Maana yake, asasi ndogo ya pale Tarime hunilipa niwabembeleze wenye mamlaka wabadili taratibu zinazowaumiza watu. Na mwenye mamlaka habembelezwi mlangoni kwake. Anabembelezwa hotelini, akishakunywa chai na kupewa kalamu.

Utaratibu tuliokuwa tukiupigania ulihusu tembo. Mkulima akiharibiwa shamba, alitakiwa asiguse kitu mpaka afisa afike, aone nyayo, apime uharibifu, ndipo aombewe kifuta jasho, yaani fidia ndogo ya serikali. Afisa alikuwa mmoja, pikipiki yake ilikuwa moja, na mafuta yalikuwa yakisubiriwa. Sisi tulitaka kamati ya kijiji, watu wanaoishi hapo hapo, ndiyo ipewe kazi ya kupima. Ni jambo ambalo mtu angeweza kulieleza huku anafunga kamba za viatu. Sisi tulilifanyia warsha misimu miwili.

Tembo wako upande wa Ikoma, jirani na hifadhi. Warsha tulizifanyia Tarime mjini, kwa sababu ndiko tulikopata ukumbi wenye feni. Madiwani walisafirishwa kutoka kwa tembo wakaletwa kuoneshwa picha za tembo. Kila tulipofika kwenye maazimio, mheshimiwa mmoja mnene wa sauti alisimama akasema jambo hili ni zito, linahitaji muda zaidi. Tukawapa muda zaidi, pamoja na fulana.

Ndipo tembo wakaingia kwa mama mdogo.

Ni mdogo wake mama yangu, aliolewa kijiji cha kule kule Ikoma, na ni mjane. Mahindi yake yalikuwa mabichi, yamejaa vizuri. Usiku mmoja nusu ya shamba ililala chini. Alinipigia simu asubuhi, hakulia. Aliniuliza tu, "Mwanangu, hii nusu iliyobaki nivune, au ninyi mnasemaje huko?" Nikamwambia asiguse, kama utaratibu ulivyotaka. Bila kifuta jasho kile, na kwa nusu ya shamba, asingefika msimu mwingine bila kuomba unga kwa majirani, na yeye kuomba hajui.

Ofisini niliweka mezani jambo la wazi: tuache ukumbi, tuwapeleke madiwani shambani, waone kwa macho yao. Mkurugenzi wetu akafurahi, akaliita ziara ya ushahidi. Na afisa tukampa nafasi kwenye gari la pili, apime siku hiyo hiyo mbele yao. Kwa mara ya kwanza nikaiona kazi yangu ina akili. Nikampigia mama mdogo: ajiandae, anapata wageni.

Hapo ndipo nilipoharibu, na hata leo sioni ningesemaje vingine. Kwetu huwezi kumwambia mwanamke anapata wageni halafu ukategemea akae ametulia.

Tulipofika, gari la afisa lilikuwa limebaki nyuma njiani, Nyansurura, na pancha. Mama mdogo alitupokea mlangoni amevaa kitenge cha kanisani. Tukamsalimia shikamoo, akaitikia, akatuketisha. Uwanja umefagiwa. Kisha nikatazama shamba. Mabua yaliyolala yalikuwa yamekatwa yote, ng'ombe wa jirani wanayatafuna kwa raha nyuma ya zizi. Penye nyayo za tembo palikuwa pamefukiwa na kusawazishwa kwa jembe, shamba safi, njia ya wageni imelimiwa katikati yake.

"Mama," nikamnong'oneza, "mbona umesafisha?"

"Ningewaacha waheshimiwa wapite kwenye uchafu ule? Ningekuaibisha."

Nyuma yake wanawake wa jirani walikuwa wanatoa mahindi. Ya kuchoma, ya kuchemsha, sinia juu ya sinia. Alikuwa amevuna nusu iliyobaki pia, maana wageni walikuwa wengi. Mheshimiwa mnene wa sauti alikula kwa mikono miwili. Alisema hajawahi kula mahindi matamu hivyo, na alimwomba ya kubeba. Akafungiwa.

Afisa alifika tukiwa tunanawa mikono. Alizunguka shamba, akakuta magunzi. Hakuwa mtu mbaya. Alijikuna shingo akasema, "Mama, hapa sina cha kupima. Umeshavuna." Madiwani wote walitazama chini, kwenye magunzi yao.

Warsha za misimu miwili hazikufanya lile ambalo aibu ya mchana mmoja ilifanya. Kwenye kikao kilichofuata, mheshimiwa yule yule alisimama akasema utaratibu huu ni mbovu, kamati za vijiji zipime, hata leo, na asiyekubali aseme. Hakuna aliyesema. Ukapita. Ofisini tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka, na mkurugenzi akaandika kwamba haya ni matunda ya mkakati wetu.

Lakini utaratibu mpya ulianza siku ulipopita. Haukurudi nyuma kwa walioharibiwa kabla. Nilifuatilia, nilibembeleza bila chai wala kalamu, nikaambiwa jina la mama mdogo haliwezi kuingia, kwa sababu aligusa shamba. Nilikasirika hadi nikashindwa kula mchana ule. Majirani zake wakiharibiwa sasa watapimiwa. Yeye, hapana.

Nilimpelekea gunia la unga kwa basi, nikateremka nalo mwenyewe, nikiwa nimejiandaa kulaumiwa. Nilimweleza yote. Alisikiliza huku anafungua gunia, akachota unga, akaweka maji jikoni anipikie, maana nimetoka mbali. Nilimwambia asijisumbue, unga ule ni wake na hautoshi. Alikoroga kwanza, kisha akageuka, usoni ana wasiwasi wa kweli.

"Wale waheshimiwa," akasema, "mahindi yaliwatosha?"