Laurinda na Ukuta wa Chale Sokoni Mtwara

Saa moja asubuhi, Laurinda Sebastiao anagonga kalibu ya mbao kwa kiganja, anainyanyua taratibu, na tofali la matundu linabaki juu ya mchanga, bichi, bila ufa. Analizunguka akilikagua.

"Hili limekubali," anasema, kisha anachota saruji nyingine.

Mama huyu wa miaka arobaini na miwili ndiye aliyefyatua matofali yote 612 yaliyojengwa hadi sasa kwenye ukuta wa mbele wa soko jipya. Wapita njia husimama kuutazama. Matundu yake si ya mraba kama ya majengo mengine mjini; yana pembe na mistari iliyokunjana, mfano wa chale wanazochanjwa Wamakonde usoni.

Laurinda alivuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji mwaka 1965 akikimbia vita, akiwa na miaka ishirini na mitano, mwanawe Bernardino mgongoni. Mama yake alibaki ng'ambo, akafariki kabla hawajaonana tena.

"Sina picha yake hata moja," anasema. "Ila uso wake naujua kwa vidole. Utotoni nilikuwa nasinzia huku nikizipapasa chale zake."

Mwaka jana aliajiriwa kwenye ujenzi huo kubeba maji. Siku moja kalibu zikavunjika, kazi ikasimama. Laurinda ni binti wa mchongaji, na ingawa kwao uchongaji ulikuwa wa wanaume, alijifunza kwa kuibia. Kwa siku nne akachonga kalibu nyumbani kwake Mtawanya, akiufuata uso wa mama yake, kisha akafyatua matofali arobaini bila kumwuliza mtu.

Msimamizi wa ujenzi, Ndugu Erasto, alipoyaona alifoka.

"Nani kakwambia ubadilishe ramani?"

"Hakuna, Ndugu. Nimekosa. Lakini yatazame kwanza."

"Niyatazame nini? Kesho yavunjwe!"

Laurinda aliondoka akijua kibarua kimeota nyasi.

Asubuhi iliyofuata, aliporudi kuchukua kalibu yake, alikuta matofali hayajaguswa. Wanawake waliokuja kuuza mihogo walikuwa wameyazunguka. Bibi mmoja mwenye chale alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja kwenye tofali, mwingine shavuni mwake, anacheka na machozi yanamtoka. Erasto alisimama kando, kofia mkononi.

"Mama Bernardino," akasema mwishowe, "kalibu yako inatoa mangapi kwa siku?"

"Ishirini, mchanga ukiwa safi."

"Basi anza."

Erasto, mwenyeji wa Bukoba, hafichi kosa lake. "Nilikuwa natazama karatasi tu," anasema. "Watakaokaa sokoni sikuwatazama."

Sasa Laurinda anaitwa fundi, na kijiji cha Mpapura kimemwomba matofali ya zahanati yao. Wengi wanadhani atapeleka nakshi zilezile. Yeye anakataa.

"Nitakaa kule wiki nzima kwanza," anasema. "Niwaulize kina mama wanapenda kutazama nini wakati wanasubiri kujifungua. Wakishaniambia, ndiyo nianze kuchonga."