Skrubu Tatu Nyuma ya Darubini

Mzungu aliyekuwa fundi mkuu wa kiwanda cha chai alipostaafu na kurudi kwao, aliniachia darubini yake. Nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na mashamba ya chai ya Kericho, na jioni nilikuwa nikimfundisha Kiswahili. Lilikuwa bomba refu. Chini kabisa mlikuwa na kioo cha mviringo kama sahani, na karibu na mdomo wake kioo kingine kidogo, kilichokaa mshazari ili kugeuza mwanga hadi kwenye tundu la kuchungulia, ubavuni.

"Nyota ikiota mkia," aliniambia, "ujue kioo kikubwa kimepinda. Nyuma kuna skrubu tatu. Zungusha taratibu, usizilazimishe."

Gari la ng'ombe lililoileta kwangu liliruka katika kila shimo la njia. Jioni ya kwanza nyota niliyoilenga ilionekana kama kiluwiluwi. Nikamwita mke wangu. Mimi nikachungulia, yeye akachuchumaa nyuma na bisibisi.

"Ya kushoto, kidogo."

"Kushoto kwangu au kwako?"

"Hiyo iliyo karibu na goti lako."

"Sasa?"

"Imekimbia! Rudisha."

Ilituchukua jioni nyingi, maana mara kwa mara mawingu yalitufukuza. Nikajifunza kuivuruga nyota kwa makusudi, kwa kuzungusha gurudumu dogo linalosogeza kipande cha kuchungulia, mpaka nyota inakuwa pete yenye tundu jeusi. Tundu likikaa upande, kioo bado kimepinda. Siku lilipokaa katikati nikazungusha gurudumu kinyume, pete ikajikunja, ikawa nukta. Sikuwa nimewahi kuona nyota iliyo nukta. Tangu utotoni kule kwetu kando ya ziwa, nyota kwangu zilikuwa vijisufi vya mwanga, nami nikidhani kila mtu anaziona hivyo.

Basi nikajisifu. Baba mkwe alipokuja kututembelea, akishuka garimoshi kituo cha Fort Ternan na kupanda huku milimani, nilikwisha kuwaalika walimu wenzangu na wazee wa kanisa waje uwanja wa shule kuona milima ya mwezini. Mwezi ulikuwa nusu, mbingu safi, jua ndiyo kwanza limezama. Nikaiweka sawa darubini mpaka mashimo ya mwezi yakaonekana kama nyayo za ng'ombe kwenye tope lililokauka. Nikamkaribisha baba mkwe kwanza.

Alichungulia kwa muda mrefu.

"Unaona, Baba?"

"Naona mwangaza."

"Na yale mashimo?"

Akasogeza jicho, akachungulia tena. "Ni mwangaza mzuri, mwanangu."

Wakaja wengine, mmoja mmoja, na kila mmoja akaondoka na uso wa mtu aliyeonjeshwa mboga isiyo na chumvi. Mwalimu mwenzangu ndiye aliyecheka. "Ndugu, bila bomba lako naona zaidi."

Nikachungulia. Mwezi ulikuwa safi! Yeye akachungulia: uji. Nikachukua bisibisi mbele yao wote, nikaanza kuzungusha skrubu ovyo, hii na ile, jasho likinitoka katika baridi ile. Hapo mwezi ukaharibika kwangu pia. Wazee wakaanza kuzungumza habari za mahindi ili wasinitazame. Huruma yao ilinichoma kuliko kicheko cha mwenzangu.

Mke wangu alipiga magoti nyuma ya bomba, akaichukua bisibisi mkononi mwangu, na kwa kuniuliza ninachoona akazirudisha skrubu mpaka mwezi ukawa safi tena. Safi kwangu tu.

Baba mkwe alitaka kujaribu mara nyingine. Alipoinama, mkono wake ulishika lile gurudumu dogo ili asiyumbe.

"Ngoja. Kuna kitu kimesogea hapa... Yesu wangu! Ni milima!"

Wote wakakimbilia. Wote wakaona, hata mwenzangu, hata mke wangu, aliyecheka kwa sauti. Zamu yangu ilipofika nikakuta ukungu mtupu. Nikarudisha gurudumu, mimi nikaona, wao wakaona ukungu.

Baba mkwe akalitazama gurudumu, kisha akayatazama macho yangu. Akachukua kandili, akaenda kusimama mlangoni pa darasa, si mbali.

"Mwalimu, nimeshika nini mkono wa pili?"

Niliona taa, na kando yake doa jeusi la mtu. Nikabana macho.

"Fimbo," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa kofia yake.

Nilitamani ardhi ipasuke. Si darubini iliyokuwa mbovu. Ni macho yangu yasiyoona mbali, nami nililiweka gurudumu liyafuate, na nilikuwa nimewaita watu waje kushuhudia. Nikakumbuka akina mama wa kwetu wanaochuma chai, waliosema kazi imenipa maringo kwa sababu napita njiani bila kuwasalimu. Sikuwahi kuwaona. Katika nyuso za wazee waliosimama karibu nami niliona kwamba nao walikuwa wanalielewa jambo hilo wakati uleule.

Baba mkwe alinipeleka hospitali ya misheni mwenyewe, akinitangulia njiani kama anayempeleka mtoto. Siku ya kuondoka aliniambia, "Nilikuja kuona kama binti yangu amepata wa kumtunza. Naona mnatunzana." Hakusema kwa ubaya, lakini sikuweza kuinua uso.

Miwani niliyopimiwa hospitalini ilikuja baada ya majuma mengi. Asubuhi niliyoivaa darasani wanafunzi waliziba midomo wasicheke, nami masikio yakawaka moto. Nikageuka kutoka ubaoni. Kwa mara ya kwanza nikauona mstari wa nyuma: wanne walikuwa wakicheza bao kwa kokoto juu ya dawati, kwa utulivu wa watu waliozoea. Mmoja akainua kichwa, macho yetu yakakutana, naye akaganda na kokoto mkononi.

Kumbe siku zote walicheza mbele ya macho yangu. Nikageukia ubao nikaendelea kuandika.