Siku Modem Ilipojizima Manika

Jiwe la kwanza lilimpata Tharcisse Kabasele begani, bisibisi ikiwa bado mkononi. La pili lilimpasua juu ya jicho. Kabla hajafika mlangoni mwa kibanda chake cha kazi, walikuwa wamekwisha kumkokota nje kwa kola ya shati, na mtu akamkanyaga mgongoni kama anayeua nyoka.

Babu yake aliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba. Yeye mwenyewe hakuwahi kushuka shimoni. Kazi yake ilikuwa kuvuta waya na kuweka Wi-Fi majumbani, na mtaa mzima wa Manika ulimjua kwa hiyo. Wiki iliyotangulia alikuwa amemwekea Mama Adèle Mushiya, muuza vitenge, modem mpya na kamera mbili katika lupango lake, ua lenye ukuta mrefu na mlinzi langoni.

“Hii modem inajifanyia mise à jour yenyewe,” alimwambia siku ile. “Kukitokea programu mpya, inajizima, inajitengeneza, inawaka tena. Usiogope, mama.”

“Na mi nikitaka isijizime?”

“Isipofanya vile, bayibi, wale wezi ba mu internet, banapata fasi ya kuingilia. Uiache tu.”

Mama Adèle akaiacha.

Jumapili mchana, akiwa kanisani, alifungua simu aangalie nyumba yake. Kamera zote giza. Akatoka nje, akampigia Tharcisse.

“Ni mise à jour, mama,” Tharcisse alimjibu. “Ungoyeko kidogo, itarudi yenyewe.”

Mama Adèle akarudi kanisani kuimba. Saa ileile watu watatu walikuwa ndani ya lupango lake. Hawakujua kwamba Gael, mdogo wake Mama Adèle, mchimbaji aliyekuja kutoka Fungurume kujiuguza malaria, alikuwa amelala chumba cha nyuma. Walimpiga kwa chuma cha kuchimbia mpaka taya likavunjika, wakabeba marobota ya vitenge, wakamwacha kizingitini akitapika damu.

Mama Adèle alipomkuta alipiga kelele, mtaa ukajaa. Wachimbaji rafiki zake Gael wakafika na nyundo zao. “Na kamera ilikuwa wapi?” wakauliza.

“Ilizimika. Tharcisse njo aliniambia ningoye.”

Hakusema zaidi ya hayo. Lakini neno likitoka kinywani halirudi, na hili lilikimbia kuliko taxi-moto. Lilipofika sokoni lilikuwa limekwisha kunenepa: Tharcisse amewakatia wezi mtandao.

“Sema!” Mathieu, mkubwa wa wale wachimbaji, alimpiga Tharcisse teke la mbavu pale nje ya kibanda chake. “Ulikata réseau juu bayibi baingie!”

“Haina mi, si mimi! Modem inajizima yenyewe!”

Watu wakacheka. Kitu gani hujizima chenyewe wakati wezi wanaingia? Hata masikioni mwa Tharcisse ule ukweli ulisikika kama uongo wa mtoto. Akaona tairi likibingirishwa kutoka kwa fundi wa pikipiki, akasikia petroli baridi ikimchuruzika shingoni, na hapo akakojoa.

Mkewe, Naomie, alipenya katikati ya miguu yao, akajitupa juu yake. “Mutuchome wote babili!” Mathieu akampiga mkono kwa nyundo ili amng'oe, vidole vitatu vikapondeka. Lakini Naomie hakuachia. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimelowa petroli, na yule mwenye kiberiti akasita. Katika kusita kule polisi wakafika, wakafyatua risasi juu, watu wakatawanyika kama kuku.

Tharcisse alipoteza jicho la kushoto. Hospitalini alilazwa chumba kimoja na Gael, ambaye taya lake lilifungwa kwa waya. Waya ulipotolewa, neno la kwanza la Gael lilikuwa jina: Blanchard. Ndiye mlinzi wa Mama Adèle, aliyeajiriwa na Mama Adèle mwenyewe. Siku ile ya mapumziko yake alikuwa amewafungulia wenzake lango bila kujua kwamba Gael amekuja, na Gael akamtambua. Walikamatwa Fungurume wakiuza vile vitenge. Kuhusu modem hawakujua lolote. Ilijizima na kuwaka kama ilivyozoea, ila safari hii ikaangukia siku mbaya.

Mama Adèle alikuja na kuku na kitenge cha kumpa Naomie. Akapiga magoti sakafuni. “Unisamehe, tata.”

“Kile kinywa ulisemea,” Tharcisse alimwambia, “usemee tena. Mu njia zilezile.”

Akakubali. Tharcisse alipotoka hospitalini walipita watatu, yeye na Naomie na Mama Adèle, nyumba kwa nyumba, Mama Adèle akisema kwa sauti kwamba mtu huyu hakukata kitu. Wengine walitoka kusikiliza, wengine walifunga milango. Kwenye kona ya soko walimkuta Mathieu ameketi, sepetu imeegemea ukuta kando yake. Akasimama. Macho yake yakaangukia vidole vya Naomie vilivyopinda.

“Njo mukono gani ulinipigia?” Naomie akamuuliza.

Mathieu akaunyosha wa kulia, polepole, kama anayeonyesha kidonda.

Tharcisse alichukua ile sepetu. Hakuna aliyemzuia, na Mathieu hakukimbia. Akaupiga mkono ule kwa mpini mara moja, akasikia mfupa ukilia, akamwona mtu mzima akipiga magoti vumbini na kuuma midomo. Alingoja moyo wake upoe. Haukupoa. Mama Adèle alikuwa amejifunika uso kwa mikono.

Akaitupa sepetu chini. Naomie akamshika kiwiko kwa ule mkono wake mzima, wakashika njia ya nyumbani.