Excel, saa ya Zambia na baiskeli ya dada yangu

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Haya yalinikuta mwenyewe. Asiyeamini aje Tunduma amuulize dada Edina, ila aje kwa upole, maana hajasahau.

Enzi hizo bado tuko mkoa wa Mbeya. Kulikuwa na mbio za baiskeli za ujirani mwema, kutoka Mpemba hadi Nakonde, upande wa Zambia. Wanaondoka mmoja mmoja, kwa hiyo kufika wa kwanza siyo kushinda. Lazima upige hesabu ya muda.

Mshindi anaondoka na baiskeli mpya. Dada alikuwa anabebea mchele wa Kamsamba kwenye baiskeli ya kuazima, na mwenye nayo ameshaanza kuidai. Mnaelewa alivyokanyaga siku ile.

Mtu wa laptop ni mimi. Nikachukua muda wa kufika, nikatoa wa kuondoka. Excel ikaniletea ########.

Nikapanua column, wapi. Watu wamenizunguka, wengine washaanza kusema nambeba dada yangu.

Sasa mimi kitu kikinigomea ndiyo nakitaka zaidi. Nikakumbuka Excel inauona muda kama kipande cha siku, na siku ina sekunde 86,400. Nikazidisha, nikaweka format ya Number. Edina: -1547.6.

Hasi jamani. Yaani kafika kabla hajaondoka.

Nikamfuata Ba Mulenga, mshika saa wa kule Nakonde. Akanishangaa: "Sisi si tuko nyuma yenu saa moja?"

Mzaliwa wa Tunduma mimi, kila siku navuka, nimesahau! Asubuhi washika saa wa pande zote mbili walilinganisha dakika na sekunde tu, saa kila mtu akabaki na ya nchi yake.

Nikaongeza 3600, nikarudisha kwenye dakika. Edina 34:12. Sinkala, mshindani wa Ruanda ya hukuhuku kwetu Mbeya, naye 34:12. Sare. Waandaaji wakaanza kunong'onezana habari za baiskeli ya pili.

Hapo ndipo ningefunga laptop. Lakini kiherehere, nikataka kuona kwa sekunde inasomekaje, na waandaaji wamesimama nyuma ya bega langu.

Edina 2052.4. Sinkala 2052.0.

Dada akaniangalia, hata hasira hana. "Mdogo wangu, saa nzima umeiokota Zambia, hiyo nukta nne ndiyo imekushinda?"

Nilikosa pa kuweka uso.

Funzo: toa, zidisha kwa 86400, weka Number, halafu uliza saa ni ya nchi gani. Formula haijui mpaka.

Haya, semeni ukweli, nyie mngefunga laptop? Chungeni majibu tu, Edina yuko hapa pembeni anasoma.