Ujia wa Ludie Pruett

Ludie Pruett alikuwa mkaidi na mwenye mdomo mchafu, na nitasema hivyo ingawa amekufa. Waume zetu walikuwa ndugu. Wote wawili walitutangulia, wakatuacha sisi wajane ndani ya nyumba moja, paka na panya.

Nyumba ilijengwa na babu wa waume zetu, Asa Pruett, mfugaji wa kwanza kuleta ng'ombe hapa Harkey, Texas. Ranchi yake ilikuwa mwendo wa siku nzima kwa farasi kutoka mjini, na mkewe alichoka kulea watoto wasiojua kusoma, basi Asa akamjengea nyumba hii mjini, penye shule. Asa alijua kujenga kwa namna moja tu: vyumba viwili vya magogo ya mwerezi chini ya paa moja, bomba la moshi la mawe kila upande, na katikati ujia mpana, wazi mbele na nyuma ili upepo upite. Kila chumba kina mlango mmoja unaotazama ujia, na dirisha ambalo hata mbuzi hapiti. Ukoo huu ulikula ujiani wakati wa joto na kutundika matandiko ya farasi humo. Maiti wao hutiwa kwenye jeneza chumbani mwao, kisha hulazwa ujiani waagwe. Baba mkwe aliandika wosia: chumba cha mashariki kwa mume wangu, cha magharibi kwa mume wa Ludie, ujia wa wote. Mzee yule hakuwa na akili.

Mimi nilitaka kuufunga ujia ule. Nina baridi yabisi ya magoti, na upepo wa kaskazini wa Januari ulipita mlangoni kwangu kana kwamba umealikwa. Ludie alikataa. Tangu mwaka 1961 hatukusemeshana ila kupitia kwa mbwa aliyelala katikati.

"Biskuti," alikuwa akisema, "mwambie huyo bibi maharage yake yanaungua. Kama kawaida."

"Biskuti, mwambie pua yake inuse vya kwake," nami nilikuwa nikijibu.

"Biskuti, mwambie anayetaka kukaa kabatini akanunue kabati."

Mbwa akifa tulileta mwingine, tukampa jina lile lile. Walipita watatu.

Mwaka 1983 nilimleta Delbert Zuniga, fundi seremala, na mbao zake. Ludie, mwenye miaka sabini na minane, alisukuma kitanda chake hadi katikati ya ujia, akapanda na mabuti yake, akavuta blanketi hadi kidevuni.

"Bi Ludie, tafadhali nipishe nifanye kazi," Delbert akamwambia.

"Pigilia misumari hapa hapa juu yangu, mwanangu. Nimeshakanyagwa na fahali, wewe utanifanya nini?"

Delbert akafungasha vifaa vyake. Nilimwita mwoga, na bado nasema alikuwa mwoga.

Novemba Ludie akaanguka, akavunjika nyonga, akalazwa hospitali wiki sita. Sikungoja hata siku mbili. Delbert aliziba mbele na nyuma, akaweka bafu upande mmoja, ukabaki ujia mwembamba wenye mlango mdogo. Nilipata joto, na sikuona haya.

Aliporudi na magongo alisimama barazani akazitazama mbao. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata majibu nilikuwa nayo. Aliingia chumbani mwake, na majira ya baridi yote hakumtuma mbwa na neno hata moja. Hilo lilinikera kuliko matusi.

Machi akafa usingizini. Wenye jeneza walipofika, jeneza likakataa kukata kona ya kwenda chumbani mwake. Waliliinua, wakalilaza ubavu, wakaligeuza. Wapi!

"Mama," mmoja akaniambia, "tumtoe kwa shuka tu, tumtie ndani ya jeneza nje."

"Pruett hatolewi kwa shuka kama nguo chafu," nikasema. "Mwiteni Delbert."

Delbert alibomoa bafu langu na mbao zote, mbele na nyuma. Upepo ukaingia. Ludie akalala ujiani siku mbili, watu wakipita kumuaga, na naapa uso wake ulikuwa umeridhika. Nilikuwa na hasira hata chakula hakikupita. Nilimshinda akiwa hai, naye akanishinda akiwa maiti.

Wiki moja baada ya mazishi Delbert akarudi. Mbao zilikuwa zimepangwa barazani.

"Nizirudishe leo, mama?"

"Kamuulize Ludie kwanza," nikamjibu. "Nusu ni yake."

Delbert akavua kofia, akanitazama. Nikamfokea aache kunikodolea macho, nikaingia chumbani kwangu nikalia, na nilichukia kila chozi.