Blanketi la Mama Mgongoni mwa Punda

Nilimwona punda kwanza. Alikuwa akitoka kwenye kioski cha maji, sokoni Migwani, amebeba mitungi iliyojaa, na chini ya mitungi hiyo ametandikwa blanketi la viraka la mama yetu.

Mama alikuwa akishona sare za shule. Vipande vilivyobaki, vya kijani, vya maruni, vya buluu, aliviunganisha mpaka vikawa blanketi, na watoto wote tukalala chini yake. Alipofariki, blanketi nilimwachia ndugu yangu, kwa kuwa ndiye aliyebaki nyumbani.

Nikafungua kamba palepale. Mitungi ikaanguka, maji yakamwagika, watu wakapiga kelele. Huku kwetu mtu hamwagi maji.

Ndugu yangu akaja mbio. "Dada, umeshikwa na nini?"

"Hii ni nini umemtandika punda?"

"Si ni tambara tu! Limeisha hilo. Ulitaka nilitundike ukutani?"

Ningempiga. Lakini nilipolivuta blanketi lilikuwa limegandia mgongoni, na punda akaruka. Chini yake palikuwa na kidonda kibichi, kipana kama kiganja. Hata kulikunja vizuri lisimchubue punda, ndugu yangu alishindwa. Mama na mnyama, wote kawatendea vivyo hivyo. Nikaondoka nalo kwapani, likinuka vivyo hivyo.

Nilililoweka, nikalifua, maji yakawa yanatoka meusi tu. Kisha nikaketi kwenye cherehani, nikakata huku natukana peke yangu. Katikati palikuwa pameoza, pembeni bado pazima. Kwa sehemu zilizokuwa nzima nikashona mito, mmoja wa kila dada, na mbeleko ya mjukuu wangu. Vipande vilivyooza nikavikatakata, nikavishindilia kwenye gunia safi, nikashona tandiko nene lenye mfereji katikati, lisiguse uti wa mgongo wa punda.

Ndugu yangu alipokuja kulichukua, aliiona mito kitandani.

"Na wangu uko wapi?"

"Wako ndio huo ulioshika. Na usimtandike punda kabla kidonda hakijapona."

"Yaani mimi unanihesabu na punda?"

"Punda nimemhurumia."

Akaenda bila kuaga. Mkewe ameniambia kidonda kimekauka na punda anafanya kazi vizuri. Nimefurahi kwa ajili ya punda. Ndugu yangu tunaketi naye kanisani kila Jumapili, na mkono sijampa.