Nilisema Nimeuliza

Kazi yangu ni ya mandubu. Kampuni ikiwa na karatasi ya kupeleka serikalini, mimi ndiye miguu yake. Vibali, vitambulisho, leseni, visa za wafanyakazi, vyote hupita kwenye faili langu la plastiki, nami hupita kwenye foleni. Nimeifanya tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nikilala naota namba za tiketi, na hata ndotoni inayoitwa huwa si yangu.

Kampuni yetu hapa Omani inasafirisha wafanyakazi, wengi wao kutoka vyumba vya kupanga vya Ruwi, kuwapeleka makazini na kuwarudisha. Gari moja hufika mpaka Qurayyat. Madereva wetu wengi ni Wakenya. Wazazi wangu wote wawili walizaliwa Unguja na nyumbani kwetu bado tunasema Kiswahili, kwa hiyo kila Mkenya mwenye shida analetwa kwangu. Mwanzoni nilifurahi. Siku hizi simu ikianza na "Mudir, samahani," yaani "Bosi, samahani," najua siku yangu imekwisha.

Dereva ninayemkumbuka alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenyeji wa upande wa Kisumu. Leseni ya kwao huku haikumtosha. Ilimbidi afanye mtihani upya, na katika mtihani huo kuna mapipa ya chuma: unarudisha gari kinyumenyume katikati yake, na ukigusa moja tu, umeanguka. Mtu aliyeendesha mabasi miaka ishirini alianguka mara nne. Mara ya tano alifaulu, akanipigia simu analia. Binti yake alikuwa ameanza chuo cha uuguzi, na leseni ile ndiyo ingemfikisha mwisho. Nikampa hongera, nikakata simu, maana nilikuwa foleni.

Huyu ndiye aliyeniuliza. Chumbani kwao Ruwi madereva walikuwa na karatasi waliyoibandika kwenye mlango wa friji. Waliandika humo sheria za pombe na gari, nchi kwa nchi, kwa kuwa kila mmoja alishawahi kufanya kazi mahali au ana ndugu mahali. Kenya: unapuliza kifaa, ukizidi kipimo unalala ndani, asubuhi kortini. Tanzania: kipimo kipo, lakini ukibeba abiria usijaribu. Dubai: hata tone. Saudia: usiulize. Mbele ya Omani palikuwa patupu.

Alitaka kujua kama anaweza kunywa bia mbili tatu hotelini, mahali zinapouzwa kwa halali, jioni ya siku yake ya mapumziko, na kesho yake kushika usukani. Hakuwa mlevi. Alikuwa mtu anayetaka kujua mpaka uko wapi ili asiuvuke. Aliniomba nimuulizie polisi, kwa sababu visa na leseni huku hutolewa na polisi, nami nilikuwa huko kila wiki. Nikamwambia nitauliza.

Sasa niseme aibu yangu. Pale dirishani wananijua. Wanamjua baba yangu, wanajua naswali msikiti gani na binti zangu nimewaoza kwa nani. Na sisi watu wa Unguja tuna adabu yetu: ulevi hatuutaji. Jirani akirudi anapepesuka, tunasema hajisikii vizuri, tunafunga dirisha. Mimi na mvi zangu, na kanzu ya dishdasha niliyopigiwa pasi na mke wangu, nikaulize pombe inaruhusiwa kiasi gani? Mara tatu nilifika dirishani na swali likiwa mdomoni, na mara tatu liligeuka likawa habari za watoto. Nilipomsimulia mke wangu, alinicheka. Alisema nani atadhani nnataka kunywa mimi, mtu ambaye kahawa yenyewe inamshinda. Alisema kweli, lakini sikuuliza.

Dereva alinikumbusha mara mbili, kwa heshima. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama tangu saa moja asubuhi, miguu inawaka, karatasi zimerudishwa kwa kukosa muhuri mmoja. Nikamwambia nimeuliza. Nikamwambia huku ni kama kwao, akiwa chini ya kipimo hapati tabu. Alinishukuru mpaka nikaona haya, halafu nikasahau.

Miezi ikapita. Jumapili moja, jua halijapanda sana, gari lake lilipanda ukingo wa mzunguko wa barabara na tairi likapasuka. Hakuumia mtu, wauguzi aliowabeba walishuka wakasubiri kivulini. Polisi walifika, wakasikia harufu, wakampima. Simu yangu ikalia. Mudir, samahani.

Kituoni nilimkuta amekaa, mikono juu ya magoti. Askari aliyeandika maelezo alikuwa kijana mstaarabu, aliniita ami na akanivutia kiti. Aliniomba nitafsiri. Dereva akasema polepole, ili nisikosee.

"Mudir, waambie nilikunywa jana jioni, chupa tatu, nikalala. Sikuwa na nia mbaya. Waambie niliuliza kwanza, nikaambiwa iko sawa."

Nikatafsiri. Askari akainua kichwa, akauliza ni nani aliyemwambia hivyo. Nikaligeuza swali kwa Kiswahili, nikamuuliza, kana kwamba jibu silijui.

"Si ni wewe, mudir. Waambie ni mandubu."

Nikamgeukia askari, nikasema kwa Kiarabu kwamba anasema aliambiwa na watu.

Kiarabu cha dereva kilikuwa cha barabarani: kulia, kushoto, simama, haraka. Lakini neno mandubu alilijua vizuri, ndilo alilolihifadhi kwenye simu yake kuwa jina langu. Nilimwona analisubiri. Aliposikia askari anaandika na neno halijatajwa, alitazama magoti yake. Nilitia sahihi kuwa nimetafsiri kwa uaminifu.

Nimejiuliza mara nyingi kama ukweli ungemsaidia. Kipimo kilishasema, na sheria haimuulizi mtu nani alimdanganya. Huenda hakimu angelegeza kidogo, huenda asingelegeza. Kama ningelitamka lile neno nikaona halikubadili kitu, leo ningelala vizuri. Sikulitamka, na nimechoka kulifikiria.

Alihukumiwa, akakaa ndani wiki kadhaa, leseni ya mapipa ikachukuliwa. Kampuni ikavunja mkataba, akapewa siku chache za kufunga mizigo. Karatasi ya kufuta kibali chake niliipeleka mimi, maana ndiyo kazi yangu. Binti yake alikuwa amebakisha mwaka mmoja. Siku hiyo foleni ilikuwa fupi.

Kumpeleka uwanja wa ndege pia kuliniangukia mimi. Nilifika Ruwi baada ya sala ya adhuhuri, nikapanda ngazi. Wenzake walikuwa kazini. Alikuwa tayari, mabegi mawili yamefungwa kwa kamba, amevaa koti katika joto lile kwa sababu halikuingia begini. Akaomba dakika moja akanywe maji, nami nikamfuata jikoni.

Karatasi ilikuwa bado kwenye friji, pembe zake zimekunjamana. Mbele ya Omani, kwa mwandiko wake mzuri, paliandikwa: kama nyumbani, mandubu ameuliza. Nilisoma mara mbili. Alinikuta nasoma. Nilitaka anitukane, nimtake radhi, yaishe. Alitoa kalamu mfukoni mwa koti, akanipa.

"Sahihisha, mudir. Kuna wengine wanasoma hapa."

Nikakata mstari ule. Nikaandika: hata tone, na ukinywa usiku, asubuhi usiendeshe. Akaweka bilauri kwenye sinki, akasogea karibu, akasoma neno kwa neno kama alivyokuwa akizisoma fomu zangu kabla ya kutia sahihi.

"Hii umeuliza?" akasema.

Kwa wiki zote zile za kesi, nikiingia na kutoka kituoni, nikiamkiana na kila mtu, sikuwa nimeuliza. Nikamwambia hapana. Akaitikia kwa kichwa, akachukua begi moja, nami nikachukua la pili, tukashuka ngazi.